Muulize Nahodha: Kiboko wa Naivasha, nyangumi wa Watamu na mama mkwe baharini

Nahodha mstaafu wa Matondoni, Lamu, ambaye sasa ni mkazi wa South B hapa Nairobi, anajibu maswali ya wasomaji kuhusu tanga, upepo na viumbe wa majini.

Habari yako Mzee Nahodha. Mimi ni mhasibu, nakaa Umoja. Wikendi huwa nakwenda Naivasha kujifunza mashua ndogo ya tanga, ile ya mtu mmoja au wawili. Upepo wa ubavuni naumudu, hata kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kupindapinda, najaribu. Shida ni kugeuza upepo ukiwa mgongoni. Ule mti wa chini wa tanga unapita juu ya kichwa kwa kishindo na mashua inalala. Nikishaanguka majini sifikirii tanga tena, nafikiria kiboko. Nifanyeje?
*Mhasibu, Umoja*

Pole kwa kuloa, mwanangu. Hukuniambia unageuza saa ngapi, lakini nadhani najua. Mnatoka Nairobi asubuhi, mnakunywa chai njiani, mnafika, mnafunga tanga, na mkiingia majini ni saa nane mchana, wakati upepo wa Naivasha umeshaamka na una hasira. Anayejifunza kugeuza ajifunze saa tatu asubuhi, ziwa likiwa bado limelala. Lala huko Ijumaa usiku ikibidi.

Sasa kugeuza kwenyewe. Wengi husubiri mashua ipoe ndipo wageuze, kwa kuwa mwendo unawatisha. Ni kinyume kabisa. Unapokimbia na upepo, tanga linapata ule upepo uliobaki baada ya kutoa mwendo wako. Ukienda kasi, tanga ni jepesi, utalisukuma kwa mkono. Mashua ikipungua mwendo, labda imechomeka pua kwenye wimbi, upepo wote unalimwagikia tanga, na hapo ndipo mti unakuja kama umetumwa. Geuza ukiwa mbioni.

Inama na uanze kuvuka kabla tanga halijavuka. Ukiona pindo la tanga linaanza kulegea, shika kamba zote za demani, zile za kuvutia tanga, kwa mkupuo mmoja uzivute, mti upite kwa amri yako. Ukishapita tu, rudisha kana, ule mkono wa usukani, katikati. Hapo hapo, usisubiri upumue. Ninapowatazama vijana pale ziwani, mara nyingi mti unapita salama na mashua inaanguka baadaye, kwa sababu mtu kasahau kana upande ule ule. Mashua inaendelea kujipinda mpaka ubavu unaukabili upepo, tanga limejaa pomoni, na mwenyewe bado kakaa demanini, upande upepo unakokwenda. Kwa nini isilale?

Na siku upepo ukiwa mkali mno, usigeuze hivyo kabisa. Vuta demani, panda upande wa upepo, bisha, uzunguke mpaka uwe ulikotaka kuwa. Wenzako watakucheka. Waache wacheke huku wameloa.

Mashua ikilala, ishike. Usiogelee kwenda ufukweni hata kama ufuko unaonekana karibu. Ziwa hudanganya macho. Elekeza omo, yaani pua ya mashua, kwenye upepo, panda juu ya ule ubao wa katikati unaoteremka majini, egemea nyuma kwa uzito wako na uwe na subira. Maji yakishamwagika kutoka kwenye tanga, mashua itainuka yenyewe.

Kuhusu kiboko, hofu yako ni halali ila umeiweka mahali pasipo. Mchana kiboko hukaa maji madogo karibu na mafunjo, jua likizama hutoka kwenda kula majani, na alfajiri hurudi. Kwa hiyo katikati ya ziwa saa nne asubuhi si kwake sana. Hatari iko unapoondoka na unaporudi, na ni kubwa zaidi ukichelewa mpaka magharibi. Kiboko mzima anaweza kukaa chini ya maji kama dakika 5, basi usiseme hapa hakuna kitu kwa sababu umetazama mara moja. Simama utazame mpaka umehesabu vichwa mara mbili. Gonga ubao wa mashua ukikaribia ufuko ili ajue unakuja, na usikae kamwe kati yake na maji ya kina, maana huko ndiko anakokimbilia.

Kitu ambacho hukukitaja, nami ningekiogopa zaidi, ni migunga iliyokufa. Ziwa lilipofurika miaka ile ya 2019 na 2020 lilimeza miti ya ukingoni, na visiki vingine vimebaki chini kidogo ya maji. Kiboko atapumua umuone. Kisiki hakipumui.

Shikamoo Nahodha. Desemba tunakwenda Lamu kwa ndege, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Watoto wanataka kupanda jahazi siku nzima, na mume wangu anataka twende mpaka Pate. Mimi nikipanda hata feri ya Likoni tumbo linasokota. Mama mkwe naye anasema bahari inataka watu wake, yeye hapandi. Tumwache hotelini? Na mimi nitajuaje kama chombo ni kizuri?
*Mama Watatu, Donholm*

Marahaba, mama. Mfikishie mkweo salamu zangu na umwambie kwa heshima zote kwamba kiwanja cha ndege cha Lamu kiko kisiwani Manda. Akishuka kwenye ndege lazima avuke kwa boti ndipo aione Lamu. Kwa hiyo suala la kutopanda limekwisha, lililobaki ni apande vipi. Mkalishe karibu na nahodha, umpe jaketi ya kuelea mapema kabla hajaona wengine wanahangaika nayo, na watoto wasimpigie kelele.

Tumbo lako sasa. Asubuhi ya safari usile mahamri na mbaazi za nazi, japo najua utazitamani. Kula mkate wa mofa mkavu au ndizi, kunywa chai ya tangawizi. Ukitaka dawa ya kichefuchefu, mwone mfamasia hapa Nairobi kabla hamjaondoka, na uimeze kabla ya kupanda, kwa maana ikishaanza kusokota dawa haikai tumboni. Ukiwa chomboni kaa katikati kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, mbali na moshi wa injini, na utazame mbali pale mbingu inapokutana na maji. Usitazame simu. Nimeona watu wazima, wanaume wenye mabega, wanatuma picha huku wanageuka rangi. Na ikibidi kutapika, tapika demanini, upande upepo unakokwenda. Hilo waambie na watoto, maana akitapikia joshini, upande upepo unakotoka, atawapaka wote.

Chombo kizuri utakijua kwa kuinama. Mwombe nahodha ainue ubao wa sakafu, utazame ngamani, pale maji yanapojikusanya. Maji kidogo si kasoro, chombo cha mbao hunywa. Ukikuta yamejaa na hakuna ndoo wala mtu wa kuyafua, yaani kuyatoa, shuka. Hesabu jaketi, kisha uzijaribu kwa watoto, si kuambiwa tu zipo. Jaketi ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano itaelea peke yake naye ametoka chini. Muulize nahodha leseni yake na ya chombo, zinazotolewa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Nahodha mwenye nazo hakasiriki kuulizwa.

Ila kubwa kuliko yote ni hili, na nitalisema kwa mume wako: msimharakishe nahodha. Njia ya kwenda Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda haumjui mgeni wala mwenyeji maji yakiwa yamekupwa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu inaweza kukaribia mita 4. Akisema mtaondoka saa kumi na moja alfajiri, amkeni. Akisema leo hapana, mnunulieni kahawa mngoje kesho. Mtu wa Nairobi amezoea kumwambia dereva "kanyaga", na mambo mengi mabaya niliyoyaona baharini yalianza na abiria mwenye haraka na nahodha mwenye aibu ya kukataa.

Mzee, nimewekeana dau na rafiki yangu, anayeshindwa ananunua mbuzi choma. Yeye anasema nyangumi wako kwenye barafu huko kusini na Kenya hakuna. Mimi nasema wako. Halafu, nyangumi akikutana na jahazi, jahazi linapona?
*Fundi, Kasarani*

Mbuzi ni wako. Nyangumi wa nundu hula huko kwenye bahari za barafu, kisha hupanda mpaka kwetu kuzaa kwenye maji ya moto. Kuanzia Julai mpaka Septemba hivi huonekana Watamu, Diani na hata kaskazini zaidi. Mzima hufika urefu wa mita 15 na uzito wa tani 30 au zaidi, na mtoto wake akizaliwa tu ana urefu wa mita 4 hivi.

Huanzi kumwona, unaanza kumsikia. Pumzi inatoka kama tairi la lori limepasuka, halafu mvuke unasimama juu ya maji, na kama uko upande upepo unakokwenda unapata harufu ya samaki aliyesahaulika juani. Kisha mgongo mweusi unapita, taratibu mno, na kinundu chake. Ukiwa kwenye chombo cha tanga hakuna la kufanya isipokuwa kushika njia yako bila kuyumbayumba ili ajue unakwenda wapi. Usimkatize mbele. Usiingie kati ya mama na mtoto. Kaa mita 100 au zaidi, na kama una injini, ipunguze. Hana haja na jahazi lako. Linalotokea ni kugongana kwa bahati mbaya, na hapo mbao ndizo zinazoshindwa.

Uniwekee mbavu.

Na kwa kuwa najua swali linalofuata: papa shilingi, yule mkubwa mwenye madoadoa meupe mgongoni, si nyangumi. Ni samaki, mkubwa kuliko samaki wote, na kazi yake ni kuchuja vijidudu vya majini kwa mdomo ulio wazi. Wavuvi wa kusini humkuta zaidi wakati wa kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini mashariki. Atakupita chini ya chombo na hutajua kama hukutazama.

Maalim, mimi ni mwanafunzi wa chuo, Kahawa. Nilipokuwa Lamu niliona jahazi likitaka kugeuka. Badala ya kukata upepo kwa omo kama tunavyofundishwa Naivasha, lilizunguka kwa nyuma, likapoteza njia yote liliyokuwa limeipata. Mwenzangu akasema ni kwa sababu mabaharia wetu hawakusoma. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu.
*Mwanafunzi wa uhandisi, Kahawa*

Jibu unalo sasa, na ukampe huyo mwenzako, kwa adabu.

Tanga lako la Naivasha limefungwa nyuma ya mlingoti. Ukikata upepo kwa omo, tanga linapepea, linahamia upande wa pili, mambo yamekwisha. Tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoning'inia kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, mbele ya mlingoti, na foromali ya jahazi kubwa hushinda chombo chenyewe kwa urefu au hukikaribia. Elekeza omo kwenye upepo na upepo utalipiga tanga kwa mbele na kulibandika kwenye mlingoti. Halafu kumbuka kamba za kuuzuia mlingoti: kwenye jahazi hukazwa upande wa joshini, upande wenye kazi. Upepo ukiruka ghafla upande wa pili, mlingoti hauna wa kuushika. Wewe ni mhandisi, nimalizie hesabu.

Kwa hiyo nahodha hugeuza kwa tezi. Anakiacha chombo kielekee upepo unakokwenda kabisa. Anapiga ukelele. Demani inaachiliwa, tanga linaruka mbele ya omo likipiga makofi. Wanaume wanaikamata ncha ya chini ya foromali, wanairudisha mpaka inagusa mlingoti, na mti ule wote sasa umesimama wima, ncha ya juu inakwaruza mawingu. Wanaipitisha ncha ya chini upande wa pili. Wakati huo huo kijana mmoja, na siku zote ni yule mwembamba, ameshika demani anakimbia nayo kupitia mbele ya omo, nje ya kamba zote, miguu mitupu juu ya ubao ulioloa, kwa sababu akiipitisha ndani ya kamba hata moja, kazi yote irudiwe. Wengine wanahamisha kamba za mlingoti. Ndipo ncha inasukumwa mbele tena, demani inakazwa, tanga linajaa kwa mlio mmoja mzito, na jahazi linakwenda.

Yote hayo katika mawimbi, mara nyingine gizani, na kila mtu anajua mkono wake ushike nini. Njia kidogo imepotea, ndiyo. Mlingoti umebaki. Huyo aliyesema hawakusoma aende siku moja akashike hiyo demani.

Mashua ndogo za mashindano kule Shela zina mambo yake, na viroba vya mchanga vinavyohamishwa ubavu huu na ule. Hizo zinataka safu yake.

Babu, ni kweli hapa Nairobi kulikuwa na mashua za tanga? Na ni kweli kuna jahazi la plastiki?
*Mwanafunzi wa darasa la saba, Lang'ata*

Ni kweli yote mawili, mjukuu wangu, na yanahusiana.

Bwawa la Nairobi, hapo kati yenu na Kibera, lilichimbwa miaka ya 1950 na watu walikuwa wakipiga tanga humo, klabu ilikuwapo. Baadaye yakaingia maji taka na takataka, gugumaji likafunika, na leo ukitazama kutoka barabarani utadhani ni uwanja wa majani. Maji yanayotoka pale ni Mto Ngong. Mto Ngong unaingia Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, Athi ukifika mbele unaitwa Galana, kisha Sabaki, na Sabaki unamwaga baharini karibu na Malindi. Chupa uliyoitupa kwenye mtaro Lang'ata ina njia mpaka Bahari ya Hindi bila kulipa nauli. Kule kasa anakutana na karatasi ya plastiki inayoelea, anadhani ni konyeza, kile kiumbe laini cha baharini anachokula, anaimeza, na tumbo linaziba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na ufuko umepumua kidogo, lakini chupa na ndara zinaendelea kuja.

Jahazi la plastiki linaitwa Flipflopi. Lilijengwa Lamu, fundi akiwa Ali Skanda, kwa karibu tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavu wake ukavishwa vipande vya ndara kama 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mimi ni mtu wa mbao, na nilikuwa na maneno mengi kabla sijaliona. Nilipoliona nikainama nikatazama kiunzi chake, mkuku, ule uti wa chini, na mataruma, yaani mbavu zake, vimekatwa na kuungwa kama vya Lamu. Nikanyamaza.

Assalam aleikum Nahodha. Mimi nimezaliwa Mombasa, sasa niko Eastleigh. Mwaka jana tulikwenda Kisite kuwaona pomboo. Boti zilikuwa zinawakimbiza, watalii wanaruka majini kuogelea nao. Mume wangu anasema pomboo wanafurahi, si wanacheza? Mimi moyo ulikataa.
*Bibi wa Eastleigh*

Wa aleikum salaam, bibi. Moyo wako uliona sawa.

Pomboo anayetaka mchezo anakuja mwenyewe. Anakaa chini ya omo, anapanda lile wimbi dogo linalosukumwa na chombo, anageuka ubavu akakutazama kwa jicho moja, na akichoka anaondoka. Yule unayemkimbilia hachezi, anahama. Wapo pomboo wanaokula usiku na kupumzika mchana, wakiogelea pole pole pamoja kwa mpangilio, na mama ananyonyesha hapo hapo. Boti ikiingia katikati kwa kasi, kundi linapasuka, mtoto anapotea upande.

Kisite ni hifadhi, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kuna taratibu za kuwakaribia: kwa ubavu, si kwa mbele wala kwa nyuma, injini chini, na wakizama mara kwa mara kukukwepa, unawaacha. Mara nyingine mkiwa bado bandarini Shimoni, kabla ya kulipa, mwambieni mwenye boti kwamba mnataka kutazama tu, na kwamba akiwakimbiza hamtampa bakshishi. Atazima injini. Wakati mwingine boti iliyozima injini ndiyo wanayoifuata.